Mashine ya gololi yenye matundu 25: niiwasheje, na nitajuaje ilikotoka?

Mkazi wa Chumbageni

Ndugu zangu, habari za jioni. Familia moja ya Ngamiani ilipokuwa ikivunja banda la uani mwezi uliopita, nilinunua kwao mashine kubwa ya mchezo iliyokuwa imefunikwa magunia ya katani. Ina miguu minne, meza iliyoinama chini ya kioo, matundu 25 yenye namba, na kisanduku cha juu ambacho kioo chake kimechorwa namba kama kadi ya bingo. Haina flipa (vile vibao vya kupigia gololi irudi juu) hata moja, ndiyo maana wenyewe walidhani imeng'olewa vifaa. Mimi ni fundi wa redio na umeme nimeuzoea, lakini rilei (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme) nyingi kiasi hiki sijapata kuziona katika kifaa kimoja. Naomba kujua niiwasheje bila kuiunguza, na nifuateje historia yake.

Fundi wa Bagamoyo

Kaka, tafadhali usiichomeke kwanza. Soma kibandiko cha transfoma: kama imeandikwa volti 115 au 117 na saiko 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), umeme wetu wa volti 230 na saiko 50 utaiua mara moja. Utahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha, ya wati 1000 hivi, na hata hapo kumbuka kwamba saiko 50 huifanya transfoma ya zamani ipate joto zaidi, na mota yake izunguke polepole kuliko ilivyokusudiwa. Badilisha pia waya wa kuchomeka, kwa sababu nyingi za mashine hizo zilikuja na nyuzi mbili tu bila waya wa ardhi, na mlango wa sarafu ni wa chuma.

Platini za rilei, yaani vipande vinavyogusana ili umeme upite, usizipige msasa. Ncha zake ni za fedha. Ukizikwangua utaondoa kile kinachozifanya zifanye kazi. Mimi hukata ukanda wa kadi ngumu, nikaulowesha spiriti kidogo, nikaupitisha katikati huku nikibana platini kwa kidole, hadi ukanda utoke bila weusi. Grisi iliyoganda kwenye magurudumu ya kuhesabia ndiyo itakayokuchosha, kwa kuwa huwa ngumu kama gundi, na gurudumu likikwama hatua moja tu, mashine nzima husimama ikingoja ishara isiyofika. Kioo kilichochorwa usikioshe kwa maji upande wa rangi, kwani rangi ikishainuka hufuata kitambaa.

Mstaafu wa Bandarini

Mwanangu, hakuna kilichong'olewa; hiyo ni mashine ya bingo. Flipa zilianza mwaka 1947 na Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb, lakini bingo hazikuzihitaji: mchezaji hufyatua gololi, akaitikisa meza kwa kiasi, na gololi ikitumbukia, namba ya tundu huwaka kwenye kadi iliyo juu. Akipata tatu au zaidi kwa mstari, hupewa michezo ya bure, ambayo mwenye duka angeweza kuilipa kwa fedha taslimu. Bingo za namna hiyo zilitoka Chicago mwaka 1951, Bright Lights ya kampuni ya Bally na ABC ya kampuni ya United, mwaka uleule ambao Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia mashine za kamari kusafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kwa upande wa kodi ni mashine za kamari.

Jina la mashine litakuwa kwenye kioo. Namba yake itafute ikiwa imegongwa kwenye mbao za mwili na za kisanduku cha juu; zikitofautiana, jua kwamba sehemu mbili ziliunganishwa baadaye. Kisha pima tundu la sarafu. Bingo nyingi za Marekani zilikula senti 5, yenye upana wa milimita 21, ambapo shilingi yetu ya 1966 ina zaidi ya 27. Ng'oa na sanduku la fedha, uangalie chini yake.

Mkazi wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana, fundi. Transfoma ni ya volti 117, kwa hiyo sikuthubutu kuichomeka. Tundu la sarafu linapitisha shilingi bila kugusa, na kwa tochi nimeona kingo zake zina mikwaruzo ya tupa, upande mmoja ukiwa umeliwa zaidi kana kwamba mtu alifanya kazi ile akiwa amekaa vibaya. Chini ya sanduku, kwenye vumbi, nimeokota shilingi ya simba ya 1948 na shilingi ya Tanzania ya 1966 yenye mwenge. Namba za mwili na za kisanduku zinalingana.

Mstaafu wa Bandarini

Marahaba. Basi mwaka 1966 au baadaye ilikuwa bado inachezwa, na aliyeipanulia tundu alitaka ile shilingi. Mikwaruzo hiyo usiisawazishe. Piga picha, andika vipimo, na uwaulize wale wa Ngamiani nani katika ukoo wao alikuwa na tupa.