Miaka saba ya mtoto: nani alisema baba anakuja kuchukua?

Mwenye Steshenari (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Nina kiduka cha steshenari ng'ambo ya mahakama ya mwanzo, hapa Dar. Natoa kopi, nachapa hati za madai, nauza bahasha za kaki. Ukichapa mashauri ya watu miaka kumi na moja, sheria inakuingia kama harufu ya wino, ila mimi si mwanasheria na sijifanyi.

Jumanne aliingia baba mmoja na binti yake. Mtoto kavaa sare, begi la shule mgongoni. Begi jingine, la nguo, kalibeba baba. Akaweka cheti cha kuzaliwa mezani: "Nitolee kopi tatu, halafu nichapie barua. Leo katimiza saba." Nikamuuliza barua inakwenda kwa nani. Kwa mama yake, akasema, kumwarifu kwamba muda wake umekwisha. Mtoto alikuwa anahesabu kalamu kwenye kopo langu. Alifika kumi na mbili, akaanza upya moja.

Muda umekwisha! Kama kifurushi cha simu.

Imani hii nimeikuta kwa wanaume, kwa wanawake, hata kwa wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo popote. Kifungu cha 125 kinatanguliza ustawi wa mtoto. Kisha mahakama iangalie wazazi wanataka nini, mtoto anataka nini kama umri wake unamruhusu kujisemea, na mila za jamii yao. Halafu kinasema mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa ni heri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hapohapo kuna maneno ambayo watu huyaruka: mahakama ifikirie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha huku na huku. Kwa hiyo saba ikifika, kinachokufa ni ile dhana. Hakuna dhana ya baba inayozaliwa. Mnarudi mezani mkiwa sawa, na swali ni lilelile, mtoto atatunzika wapi.

Hoja yangu ni kwamba hiyo saba ing'olewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina vigezo vyake visivyotegemea siku ya kuzaliwa: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake, ndugu wasitenganishwe, malezi aliyoyazoea yasikatike, na umuhimu wa kuwa na mama umo pia. Vinatosha. Namba tumeigeuza tarehe ya kuhama. Karibuni, ila mje na hoja.

Baba Nuru

Dada, nami nasema ing'olewe, lakini kwa sababu ambayo hutaipenda.

Nilibaki na binti yangu akiwa na miezi kumi na minne. Mama yake alipata kazi Muscat. Tulikubaliana, simlaumu. Kusuka mabutu nilijifunzia kichwani mwa mtoto, akilia na mimi nikitaka kulia. Mama alirudi mtoto ana miaka minne na nusu, akafungua shauri la talaka na kudai malezi. Mbele ya hakimu yeye alisema maneno mawili tu: mimi mama. Mimi nikaleta mwalimu wa chekechea, balozi wa nyumba kumi, kadi ya kliniki yenye chanjo nilizompeleka mwenyewe, na afisa wa Ustawi wa Jamii akaja nyumbani akafunua mpaka sufuria. Miezi tisa! Nilipewa mtoto, tena kwa maneno hayohayo unayoyapenda, ya kutomvuruga.

Sasa jiulize baba asiye na balozi mwelewa, asiye na nauli ya mashahidi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nalipwa kwa siku. Kila tarehe ya kesi ilikuwa siku bila kazi. Mnasema dhana inapingika. Inapingika, ukiwa na uwezo wa kuipinga.

Mzee Kigoda

Vijana mnazunguka mbuyu. Mtoto ni wa ukoo. Mahari ilitoka ya nini? Anyonye, akue, akiweza kushika jembe arudi kwao. Na mila zimo ndani ya kifungu, mleta mada mwenyewe kazitaja.

Mluguru wa Matombo

Shikamoo mzee. Mila za nani? Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mwenye sauti ni mjomba. Nenda kwa Wamakonde, nenda kwa Wamwera, ni hivyohivyo. Mimi nimeoa Uchagani. Kwa mila zangu watoto ni wa upande wa mama, kwa mila za mke wangu ni wa upande wa baba. Tukiachana kila ukoo utasema wapelekeni kwa wenzenu.

Mzee Kigoda

Marahaba. Hilo la kwako ni la kujitakia.

Dereva Bajaji

Mimi naambiwa nitoe laki na nusu kwa mwezi ya matunzo ya mtoto, na mzee mmoja kijiweni anasema kisheria ni shilingi mia. Nani mkweli? Na yule baba wa Jumanne, barua ulimchapia?

Mwenye Steshenari

Kaka, huyo mzee anakumbuka mbali. Shilingi 100 kwa mwezi ilikuwa kwenye sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, nayo ilifutwa Sheria ya Mtoto ilipokuja 2009. Siku hizi mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, na gharama za maisha. Kipato kikishuka kweli, rudi kuomba amri ibadilishwe. Ukikaa kimya deni linaota mizizi.

Bint Makunduchi

Asalaam alaikum. Kwanza, hiyo sheria ya 1971 ni ya Bara. Kwetu Zanzibar ndoa za Kiislamu zinakwenda kwa kadhi.

Pili, nahisi saba yenu mmeichukua kwenye dini mkaipindua njiani. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoifuata wengi wa pwani, hadhana, yaani ulezi wa mtoto, ni ya mama mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, na kwa kawaida ndiyo hiyo saba. Akishafika, huhiyarishwa baina ya baba na mama. Huhiyarishwa, yaani huulizwa yeye! Hakuna pahala paliposemwa baba aje na begi. Lipo la mama kuolewa na mume mwengine asiye jamaa wa mtoto, lakini huo ni mlango mwengine na tusiuchanganye. Na matunzo ni juu ya baba muda wote, hata mtoto akiwa kwa mama. Hapo ndipo wanaume wanapokuwa mabubu, husikii mtu kutaja dini.

Sina Jina

Nimesoma yote. Naomba nami niseme, ingawa mada itapinda.

Niliondoka saa nane usiku, mdogo mgongoni. Mkubwa alikuwa amelala chumbani kwa baba yake na mlango umefungwa kwa ufunguo. Nilisimama kwenye korido nimeshika kandambili mkononi zisitoe sauti, nikamsikia anakohoa, nikatoka. PF3 niliyokuwa nayo, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ilikuwa ya pili mwaka ule. Polisi, kwenye dawati la jinsia, walinisikiliza vizuri. Mume akalala ndani siku mbili, akatoka. Kesi ya shambulio ikafia njiani, shemeji zangu walikuja nyumbani kwa mama na mchele na maneno matamu, mama akaniambia nifikirie watoto.

Nikataka talaka. Nikaambiwa bila hati ya baraza la usuluhishi hakuna talaka. Barazani wakatuketisha benchi moja, bega kwa bega. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwani ulimkosea nini?" Tulirudishwa mara tatu tukajaribu tena. Mara ya tatu nilirudi na jino pungufu.

Najua kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Najua mahakama ina uwezo wa kumwamuru asinisogelee, kifungu cha 139. Lakini amri hiyo hutolewa shauri la ndoa likiwa linaendelea, au likishaamuliwa. Shauri halifunguki bila hati, na hati haipatikani bila benchi. Mmeona ninavyozunguka?

Nilifika kwa hakimu baada ya miezi kumi na tano. Hapo yale maneno mazuri ya dada steshenari yakanigeukia: mkubwa ameshazoea kwa baba, tusimvuruge. Nani alimzoesha?

Mpwani wa Kisauni

Pole sana dadangu. Huku Kenya tuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani. Mtu aenda kortini kuomba amri ya ulinzi hata kama talaka haitaki, na hakimu aweza kutoa ya muda kabla mwenzake hajasikizwa. Uganda wana yao tangu 2010. Sisemi huku ni peponi. Amri ni karatasi, na afisa asiyetaka kuisoma hatoisoma. Lakini angaa mwanamke ana karatasi ya kuonyesha mlangoni. Nyinyi Tanzania mwangoja nini?

Baba Nuru

Dada Sina Jina, nimekusoma mara mbili. Neno lililonipa mimi mtoto ndilo lililokunyima wewe. Nilikuwa nimekuja hapa kulalamika miezi tisa.

Basi nirekebishe. Mahakama isiishie kuuliza mtoto kazoea wapi, iulize alifikaje hapo. Mimi niliachiwa mtoto kwa makubaliano, uwanja wa ndege, mchana. Yeye alifungiwa mlango usiku. Ukiviita vyote viwili "mazoea" unamlipa mwenye ufunguo.

Mluguru wa Matombo

Hapa mimi nasema baraza lifutwe, basi.

Mzee Kigoda

Lisifutwe. Nimekaa kwenye usuluhishi kata yetu miaka mingi. Nimepatanisha watu waliogombana kwa sababu ya kitanda cha mgeni, na mpaka leo wanalima pamoja. Mkipeleka kila ugomvi kwa hakimu mtajaza mahakama kwa mambo ya vyungu. Lakini penye damu sisi hatuna kazi. Huyo mwenyekiti wa benchi moja alikosea, alipaswa kuandika kwamba ameshindwa siku ileile ya kwanza. Binti, pole.

Mwenye Steshenari

Nilikuja na namba saba nikidhani ndiyo shida. Sasa naona hata ikifutwa kesho, Sina Jina halimsaidii kitu, maana kwake mambo yaliamuliwa kwenye korido. Bado nataka ing'olewe, ila sitaiweka mbele tena.

Huo mduara lakini una nyufa, na nasema kwa kuwa nimechapa hati zilizopita humo. Kifungu cha 101 kinadai hati ya baraza (ile Fomu namba 3) kwa anayeomba talaka, tena kina milango yake: mwenzako kaitwa barazani akakataa kwa makusudi, kakutelekeza na hajulikani alipo, yuko kifungoni kwa miaka mitano au zaidi, na mlango wa mwisho ni mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. PF3 mbili na jino, mimi ningeviandika chini ya mlango huo, hakimu aamue. Pili, someni neno kwa neno: kinataja talaka. Kuomba kutengana kisheria hakikutaji. Ukifungua shauri la kutengana, shauri la ndoa limeshaanza, na ile amri ya 139 inaombeka humo. Tatu, malezi ya mtoto hayangoji talaka. Sheria ya Mtoto inamruhusu mzazi kuomba malezi peke yake, bila baraza. Na amri ya malezi haipigiliwi msumari, hali ikibadilika unarudi kuomba.

Haya si sawa na sheria kamili kama ya wenzetu wa Kisauni. Ni nyufa tu. Na asiye na pesa ya wakili aulize wasaidizi wa kisheria wilayani kwake, wanatambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Bint Makunduchi

Na mkubwa aulizwe. Sasa ana miaka mingapi?

Sina Jina

Tisa. Hajawahi kuulizwa. Namwona Jumamosi moja moja, kwa bibi yake, mtu mzima akiwa amekaa kati yetu. Mara ya mwisho alinionyesha meno mapya, akaniuliza langu litaota lini.

Yule wa mgongoni anatimiza saba mwezi wa tano. Baba yake ameshatuma ujumbe, maneno mawili: "andaa begi."

Mwenye Steshenari

Usingoje mwezi wa tano. Huo ujumbe usiufute, na usimjibu kwa hasira, atakuja kuuonyesha yeye. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, PF3 zote mbili, na karatasi yoyote ya hospitali ya lile jino. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze dukani. Kopi na kuchapa sitakudai.

Dereva Bajaji

Mimi bado sijajibiwa. Yule baba, barua ulimchapia?

Mwenye Steshenari

Sikumchapia. Nilimtolea kopi tatu, akalipa shilingi 300, nikamweleza niliyowaeleza hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamshika mtoto mkono, wakaingia duka la pili.