Tenori wa miaka 24: naimba Wagner sasa ao ningoje?

Tenori wa Katuba
Yambo bandugu. Niko tenori (sauti ya juu ya banaume) mu korali ya parokia hapa Lubumbashi. Maestro anasema niko na sauti kubwa, akanipatia vipande vya Siegmund na Tristan, mashujaa ba opera nzito za Wagner, mutunzi wa Ujerumani, nijifunze, sasa ni miezi tatu niko naimba paka ile kila magaribi. Kisha repetisio koo inakauka, kumeza mate ni sawa vile kipande ya bukari kimekwama pale, na juzi asubui nilimuita dada yangu mu lupango sauti ikatoka pumzi tu. Bengine banasema ni vumbi ya kiangazi. Niendelee ao niache?

Yaya Soprano
Mudogo wangu, acha leo leo. Vumbi inakausha koo, ni kweli, lakini hiyo ya kukosa sauti asubui haitoke ku vumbi. Ukipiga noti La ya juu ya tenori, nyuzi za sauti zinagongana mara 440 mu segonde moja. Zikivimba, weye unasukuma zaidi juu sauti itoke, zinavimba zaidi, na ukiendelea hivyo zinaota vinundu. Pumzisha sauti, kunywa maji, usilazimishe. Ikipita wiki tatu bado inakwaruza, enda kwa daktari wa ORL (wa masikio, pua na koo) atie kamera aone. Usiogope, haiumize sana, nilipita pale.

Baritoni wa zamani
Angalia bale bakubwa benyewe. Kirsten Flagstad, soprano wa Norway, alianza jukwaani 1913, akaimba zaidi vitu vyepesi na opereta kule Skandinavia karibu miaka 19, Isolde yake ya kwanza (mwanamuke wa opera ya Tristan) ni 1932, New York bakamusikia 1935 akiwa na miaka 39. Lauritz Melchior alianza baritoni kabisa, akageuka tenori 1918, Tristan akaigusa 1929 tu, lakini kisha pale aliiimba mara zaidi ya 200! Na tenori Plácido Domingo, na sauti yote ile, Tristan nzima aliiimba mu studio tu, jukwaani hapana. Weye uko na miaka 24, mtoto wangu, na unaifanya kila magaribi.

Papa Kamalondo
Mi siko sawa na nyinyi kabisa. Kijana asipotia nguvu sasa atatia lini? Kwetu orgue (kinanda) na bafle (spika) vinafunika tenori, ni lazima asukume.

Baritoni wa zamani
Papa, na heshima yote, hapo njo vijana banaharibikia. Ba opera baimba bila mikro, na hawasukume: wamejifunza kukusanya nguvu ya sauti karibu na herzi 3000 (mitetemo 3000 mu segonde), pale orkestra iko dhaifu, njo inapita. Tena kule Bayreuth, tiyatre ya Wagner mwenyewe mu Ujerumani, tangu 1876, orkestra imefichwa chini ya jukwaa. Huyu mtoto anapigana na bafle! Mupunguze bafle.

Tenori wa Katuba
Aksanti sana yaya, aksanti bapapa. Jana nilienda kwa maestro, niliogopa kweli, lakini alisikiliza na hakukasirika. Partisio (karatasi za noti) ya Tristan nilimurudishia, akanipa Tamino ya Mozart, tenori mwepesi zaidi, nianze kisha wiki mbili za kunyamaza. Nyumbani naandikia dada ku karatasi nikitaka kitu, na ORL ni juma ijayo.