Waifai ya nyumbani haionekani kwenye laptopu ya wifi yangu, naombeni msaada

Mama wa Uyole:
Habari zenu ndugu zangu. Niko Uyole, Mbeya. Wifi yangu, dada wa mume wangu, amekuja kututembelea kutoka Marekani baada ya miaka sita. Kaja na kazi zake: kila siku saa mbili usiku ana kikao kwenye laptopu, maana kule ni mchana.

Ijumaa nilimpa paswedi ya waifai, akaunganisha mara moja. Jumamosi umeme ukakatika. Uliporudi, simu zetu zote zikashika waifai kama kawaida, lakini laptopu yake haioni kabisa jina la mtandao wetu. Wa jirani inauona, wetu haumo. Ruta iko sebuleni, taa zote zinawaka kijani. Nimezima na kuwasha mara nne. Mume wangu yuko Tunduma kikazi.

Jana wifi alikaa kibarazani kajifunika blanketi, akitumia bando la simu, likaisha watu wakiwa bado wanaongea. Baridi ya Julai huku mnaijua. Imeniuma sana mgeni wangu kuhangaika vile. Nifanyeje?

Kijana wa Mwanjelwa:
Shikamoo mama. Aifute hiyo waifai kwenye laptopu, aandike paswedi upya. Angalieni herufi kubwa na ndogo, na sifuri isije ikawa o.

Mama wa Uyole:
Marahaba mwanangu. Kwenye paswedi hatufiki, jina lenyewe halipo.

Fundi wa Soweto:
Mama, kwanza kikao cha leo kisimpite. Chukua simu ya Android iliyoshika waifai, ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa chaji. Usitumie zile waya za kuchaji tu, tafuta unaopitisha na data. Kwenye simu fungua mipangilio, nenda pale pa kugawa intaneti, washa ya USB. Zima data ya simu, ili upate uhakika kwamba intaneti inatoka kwenye ruta na bando la simu haliguswi. Ubovu wenyewe tutautafuta kesho.

Mwalimu wa Mafinga:
Kamwene dada. Nina maswali mawili. Laptopu ilinunuliwa wapi? Na ruta yako inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4 peke yake, au na ya 5 inayo?

Mama wa Uyole:
Kamwene kaka. Laptopu ni ya kazini kwake, ya huko huko Marekani. Ruta ni ya zamani, stika yake imeandikwa 2.4 tu.

Mwalimu wa Mafinga:
Basi nahisi nimelipata. Mawimbi ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli, kama stesheni za redio. Huku kwetu ruta huruhusiwa kutumia chaneli 1 hadi 13. Marekani kwa kawaida wanaishia 11, na laptopu nyingi za kule hazisikilizi 12 wala 13. Ruta ikiachwa ijichagulie, kila inapowaka inatafuta chaneli yenye nafasi. Ijumaa haikuzidi 11. Umeme uliporudi, naamini ilihamia 12 au 13. Simu za hapa zinaiona, laptopu ya mgeni haiioni. Ingekuwa laptopu ndiyo mbovu, hata ya jirani isingeonekana.

Laptopu msiiguse, ni mali ya mwajiri wake. Rekebisha ruta. Igeuze, chini kuna stika yenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu yako, ingia, fungua sehemu ya waifai, tafuta chaneli. Iondoe kwenye kujichagulia, weka 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani. Hifadhi, subiri dakika mbili. Na kama paswedi ya kuingilia humo bado ni ile ya kiwandani, ibadilishe.

Dada wa Tukuyu:
Ukiwa humo ndani, angalia kama ruta inaweza kutoa waifai ya wageni yenye jina lake. Mgeni anapata intaneti, vifaa vyenu vinabaki upande wenu.

Fundi wa Soweto:
Kwa mgeni wa siku moja sawa, dada. Kwa wifi aliyekaa miaka sita bila kuonana nao, mimi ningempa ile ile ya nyumbani.

Mama wa Uyole:
Mwalimu, ilikuwa 13! Nimeweka 6, sijamaliza hata kukaa, wifi ananiita chumbani: "Imetokea!" Jana waya wa Fundi nao ulituokoa, kikao kiliisha salama. Ndaga fijo nyote.

Swali moja la mwisho. Bando la ruta ni la mwezi, na leo limeshuka sana. Yeye anasema hajaangalia video yoyote.

Mwalimu wa Mafinga:
Laptopu huenda inajipakulia maboresho yake. Kama ni ya Windows, afungue mipangilio ya hiyo waifai, awashe kitufe cha kuiambia kwamba intaneti hii inapimwa. Maboresho mengi yatasubiri. Hilo alifanye mwenyewe, na kama kazini kwake wamelifunga, awaulize wao.

Mama wa Uyole:
Kakipata, kimewaka. Asubuhi nitaangalia salio.