"Zaa wako kwanza": nimetukanwa kwa kumgongea kioo mama aliyefungia mtoto kwenye gari juani

Binti Duka la Dawa
Wadau, naandika vidole vinatetemeka, mkiona herufi zimerukana mjue ni hasira. Tukio ni la mchana huu huu, bado la moto.

Saa nane, Februari ya Dar, jua linatoboa utosi. Mwanamke kapaki mbele ya duka letu, kapandisha vioo vyote vinne, kabonyeza rimoti, kaingia saluni. Nyuma kuna mtoto. Hata miaka miwili sidhani kama kafikisha, kafungwa mkanda kwenye kiti chake kama furushi la kwenda Mwanza.

Jina simtaji. Mnamjua. Gari lile mnalijua, miwani ile mnaijua, na ile tabia ya kuziba geti la watu halafu anapiga honi yeye mnaijua vizuri zaidi.

Mwanzo nilidhani kasahau pochi, anarudi. Nikahudumia mteja, nikahudumia mwingine, nikamaliza foleni. Harudi. Nikatoka kuchungulia. Mtoto nywele zimeloa chapa, mdomo wazi analia ila sauti haitoki. Kioo ukikigusa unaacha ngozi! Nikagonga, nikagonga bati, nikapiga kelele, nadhani hadi Bagamoyo wamenisikia. Bodaboda wote wa kijiweni wakaja.

Ndipo akatoka. Nusu ya kichwa kimepakwa dawa, nusu bado, taulo shingoni, mwendo wa kwenda kukata utepe. Hakumtazama mtoto. Wallahi hakumtazama mtoto! Alinitazama mimi, toka kandambili mpaka kilemba, akasema: "Zaa wako kwanza ndiyo uje unifundishe kulea."

Zaa wako. Mbele ya bodaboda. Mbele ya muuza matunda. Mbele ya mteja niliyemwacha na dawa yake ya kikohozi mkononi.

Na anajua. Huyo huyo mwaka juzi alinisindikiza Muhimbili kliniki, akakaa na mimi benchi, akanishika mkono. Leo ananiambia zaa wako!

Naomba mniambie wenye akili zenu: kumwacha mtoto peke yake kwenye gari ni sawa? Maana yeye kasema ni dakika mbili tu. Dakika mbili za kupaka dawa ya nywele kichwa kizima?

Kobe Mwendokasi
Nimewahi siti ya mbele. Huyo dada nimeshamjua, aliwahi kuziba njia ya msiba.

Kapeto
Chai. Picha iko wapi?

Binti Duka la Dawa
@Kapeto nimpige picha mtoto anayekaribia kuzirai ili nikuletee wewe uangalie ukiwa umelala kochini? Bodaboda kumi wameona. Muuza matunda kaona. Na wote wamesikia "zaa wako".

Bwana Pancha
Mleta uzi, umegonga kioo wee mpaka Bagamoyo wamesikia, kwa nini hukukivunja? Unabembeleza kioo? Siku nyingine sikiliza fundi. Cha mbele usihangaike nacho, kina utando katikati, utapiga mpaka Magharibi kitapasuka tu, hakidondoki. Vunja cha mlango, ule mlango ulio mbali na mtoto. Usipige katikati, piga kona ya chini kwa kitu chenye ncha, hata plagi kuukuu ya bodaboda. Kinamwagika punje punje chote kwa mpigo. Kioo cha kubadilisha kipo Ilala, mtoto wa kubadilisha sijawahi kumwona.

Binti Duka la Dawa
Jiwe nilishashika mkononi! Ndiyo kwanza akatoka na lile taulo lake. Angechelewa kidogo tu ningelivunja, na angenilipisha, na ningelipa. Lakini asingepata nafasi ya kunisimanga.

Mzee wa Korosho
Watoto wa siku hizi mnalelewa kwa pamba. Sisi marehemu baba alikuwa anatuacha kwenye pikapu mnadani Masasi kutwa nzima, anarudi jioni na muwa. Tumekufa? Mwanamke ana haki ya kusuka. Na huyo mleta uzi duka amwachie nani wakati anachungulia magari ya watu? Kiherehere tu.

Nesi wa Zamu
Mzee wa Korosho, shikamoo. Pikapu ya baba yako mlikaa nyuma, juu hakuna paa, upepo unapita, mkichoka mnaruka chini. Tunazungumzia boksi la bati na vioo ambalo limefungwa.

Niwape hesabu, maana naona watu wanachukulia hili ni ugomvi wa saluni. Nje kukiwa na nyuzi 32, na Dar ya Februari tunafika hapo kila siku, gari lililofungwa juani linapanda nyuzi kama kumi ndani ya dakika kumi za mwanzo. Nusu saa, humo ndani ni kama 50. Kuacha upenyo wa vidole viwili dirishani hakusaidii kitu cha maana. Jua linapita kwenye kioo, linachoma dashibodi na viti, navyo vinachemsha hewa ambayo haina pa kutokea.

Mwili wa mtoto mdogo unapanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wako wewe mtu mzima. Ukifika 40 ubongo unaanza kusumbuka, ukipita 42 hapo tunaongea mengine. Na mtoto akifika hatua ya kulia bila sauti, mimi singesubiri jiwe, ningetumia kiwiko. Mkimtoa mtoto, mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mlowesheni maji ya kawaida mwili mzima, mpepeeni, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Akiwa amelegea hajitambui, msimnyweshe chochote.

Marekani wanahesabu vifo hivi tangu 1998, wastani ni watoto 37 kila mwaka. Mwaka 2018 walikuwa 53. Zaidi ya nusu walisahauliwa tu, na mzazi mwenye akili timamu na kazi nzuri. Sasa huyu wetu hata hakusahau!

Binti Duka la Dawa
Asante dada nesi. HAKUSAHAU. Alimwacha kwa makusudi, akabonyeza rimoti, halafu akaniambia mimi nizae wangu kwanza. Hivi mtu anakaa saluni, anasikia kelele zote zile, anatoka, na kitu cha kwanza kinachomjia mdomoni ni tumbo langu?

Dafu la Moto
Salaam kutoka Muscat. Huku Juni 40 inapitwa asubuhi asubuhi. Mimi nikiingia dukani naacha injini inanguruma na kiyoyozi kimewashwa, mtoto anakula baridi yake nyuma. Hapo kosa liko wapi? Msitutishe na hesabu za nesi.

Bwana Pancha
@Dafu la Moto kosa liko kwenye gia, shehe. Mtoto wa miaka mitatu anajua kujifungua mkanda, anapanda siti ya mbele, anashika usukani "vruuum", handibreki haikukazwa, ufunguo uko ndani. Au anasimama kwenye mlango, kichwa nje, goti linakanyaga swichi ya dirisha, kioo kinapanda na shingo yake. Au kompresa ya kiyoyozi inakata. Hiyo kitu haipigi hodi, inakata tu, na kuanzia hapo feni inampulizia mtoto joto. Na mwizi akiona gari linanguruma halina dereva hataangalia siti ya nyuma kwanza.

Dafu la Moto
Hilo la kompresa sikulifikiria. Yangu inalia siku hizi nikikata kona. Ni beringi?

Bwana Pancha
Kona ya upande mmoja au zote?

Soja wa Nyali
Wadau wa Bongo poleni. Mimi ni askari wa getini hapa Mombasa, nimewasoma nikaona niwaambie ya kwetu. Huku hawamfungii tu mtoto, wanamfungia halafu wanakuita: "Soja, nichungie huyo kidogo." Kidogo! Mie nafungua geti, naandika namba za gari, nakagua buti, na sasa nimekuwa yaya wa magari matatu bila kupewa hata soda. Juzi mmoja alilia hadi nikaimba. Mamake alipotoka akaniuliza kwa nini nimemsogelea mwanawe. Nami nikamjibu, mama, ulimwacha na nani? Akaenda kunishtaki kwa meneja!

Kobe Mwendokasi
@Soja wa Nyali uliimba nini?

Soja wa Nyali
Usiniulize hayo, ndugu yangu. Kazi ni kazi.

Kapeto
Mleta uzi povu lote hili ni kijiba cha roho. Mwenzio ana mtoto, ana gari, ana hela ya saluni. Wewe una nini?

Binti Duka la Dawa
@Kapeto una maneno yale yale, mmetumwa na mtu mmoja? Gari nimwonee wivu lipi, lile analoziba nalo mageti? Nilikuwa natazama mtoto! Mtoto anaweza akafa mbele ya duka la dawa, dawa zimejaa rafu mpaka juu, na mimi nikae kimya kwa sababu sijazaa? Aliyezaa ndiye mwenye macho peke yake?

Mchuma Mboga
Kapeto hapo umevuka mpaka, futa hiyo. Modi tunaomba uangalie.
Dada, kwa faida ya wengine: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto na kutelekezwa, haisemi "isipokuwa ukienda kusuka". Na kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Anayeona asinyamaze.

Mama wa Kopenhagen
Habari zenu ndugu. Niko Denmark, huku wazazi wanaacha vichanga kwenye vigari vyao nje ya mgahawa, wao wako ndani wanakunywa kahawa, na hakuna anayeshtuka. Mwaka 1997 mama mmoja wa huku alifanya hivyo New York, akakamatwa na polisi, mtoto akachukuliwa siku kadhaa. Nchi nzima ya Denmark ilishangaa kosa ni nini. Kwa hiyo msihukumu haraka, mambo haya ni mazoea ya mahali.

Nesi wa Zamu
Dada yangu, hicho kigari hakina vioo, hakina rimoti, na huko kwenu mnatembea na makoti. Mazoea ya mahali hayapunguzi nyuzi za Sinza.

Mama Wawili
Samahani mleta uzi, wewe umeona mtoto mmoja. Njooni mwone magari ya shule! Wanangu wanachukuliwa saa kumi na moja alfajiri, hiace ya watu kumi na nne imebeba watoto thelathini, matroni kalala kuliko watoto. Siku moja wa kwangu wa chekechea kapitilizwa, kalala chini ya siti, gari limekwenda kupaki. Kama dereva asingerudi kuchukua chaja ya simu yake, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Nilipowafuata shuleni wakaniambia "lakini mama, si amepatikana?"

Mchuma Mboga
Hilo ndilo linanitisha kuliko lote. Qatar, Septemba 2022, mtoto wa miaka minne alifia ndani ya basi la shule hivyo hivyo, kasinzia, wamefunga wameondoka. Mwezi huo huo Japani kafa wa miaka mitatu. Wajapani hawakusema "si bahati mbaya". Kuanzia Aprili 2023 mabasi ya chekechea yakalazimishwa kuwa na kengele, nyingine zinalia mpaka dereva atembee hadi siti ya mwisho akaizime. Na hizi hiace zetu zinatoka wapi? Japani hiyo hiyo. Tunaleta gari, kengele tunaiacha bandarini kwao.

Bwana Pancha
Kengele hiyo inafungika hapa hapa Dar. Baza, swichi nyuma, waya mita sita. Wenye shule njooni inbox.

Kobe Mwendokasi
Fundi kila uzi lazima apate kazi.

Mzee wa Korosho
Afadhali hiace. Mjukuu wangu anapelekwa shule na bodaboda, watoto wanne mshikaki, wa mbele kakalia tangi. Nimesema nyumbani naambiwa nimepitwa na wakati.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Hapo kwenye bodaboda niko na wewe, ila ya Masasi bado tunadaiana.

Binti Duka la Dawa
Jamani tusihame. Amepita tena hapa sasa hivi. Dawa imeshaoshwa, kichwa kinang'aa, mtoto kampakata siti ya mbele HANA MKANDA, kashusha kioo ananitazama, kapunga mkono! Kanipungia mkono, mtu aliyeniambia zaa wako!

Kobe Mwendokasi
Nywele zimetoka vizuri lakini?

Mama Wawili
Halafu sijamaliza la gari la shule. Yule matroni anakula andazi la mwanangu. Kila siku hotipoti inarudi tupu, mtoto anarudi na njaa. Nikamuuliza mtoto, akasema "anti anasema ananionjea kama ina sumu."

Soja wa Nyali
Huku kwetu ni dereva, tena achagua. Akipata viazi karai hamwachii mtoto hata kimoja.

Nesi wa Zamu
Wa kwangu hotipoti yenyewe haikurudi, miezi mitatu sasa. Ya bluu, ina mfuniko wa kuzungusha. Kuna mwenye mtoto njia ya Kimara aiulizie?

Mama Wawili
Ya bluu yenye kishikio cheupe? Subiri nikaangalie kabatini, maana juzi wa kwangu karudi na mbili.