Naombeni ushauri, nimepata mikanda ya picha bubu za makauboi

kopo_la_bati: Wakuu heshima kwenu. Nipo Ohio huku, juzi nilienda kwenye mnada wa vitu vya marehemu nikanunua boksi la mikanda ya zamani, sita ni upana wa milimita 16 na mmoja mkubwa wa 35. Kopo la huo mkubwa limeandikwa kwa kalamu W. S. Hart, yule mwigizaji wa picha bubu za makauboi, na huyu mzee nampenda sana toka nione Hell's Hinges ya 1916, anakutazama tu na unajua moyoni kunawaka nini. Nataka nizione ila nasikia mikanda mingine inashika moto. Nifanyeje?

Bi Projekta: Hongera mdogo wangu. Hizo za 16 sio za kulipuka, hofu yako iwe hiyo ya 35. Kagua pembeni ya mkanda, usipoona neno SAFETY (yaani salama, haishiki moto ovyo) ihesabu ni naitreti, ule mkanda wa zamani unaowaka upesi, na naitreti ikiwaka maji hayaizimi maana inatoa oksijeni yake yenyewe. 1937 stoo ya kampuni ya filamu ya Fox kule Little Ferry, New Jersey iliungua na picha nyingi za kauboi wa sinema Tom Mix zikaenda na moto.

mpemba_wa_reli: Nusa na makopo. Ukisikia harufu ya siki huo mkanda umeanza kuoza, utenge haraka, mvuke wake unaharibu na wenzake.

kopo_la_bati: Mbili zinanuka siki nimeshazitenga. Ya 35 SAFETY hakuna 😟

Bi Projekta: Basi usiiweke kwenye projekta kabisa na usiitume posta, weka pa baridi mbali na unapolala, halafu waandikie maktaba ya Library of Congress au jumba la makumbusho la George Eastman la Rochester, wote wanatunza filamu za zamani, wakuelekeze. Nasisitiza kwa sababu picha ndefu bubu za Marekani zilizobaki kamili kama zilivyotoka ni kama 14% tu. Bucking Broadway ya mwongozaji John Ford ya 1917 ilidhaniwa imepotea kabisa, ikaja kukutwa Ufaransa.

mpemba_wa_reli: Na wakikupa kopi angalia spidi, nyingi zilipigwa kwa kuzungusha mkono, ukizipeleka kwa mwendo wa siku hizi farasi wanakimbia kama katuni na ule utulivu wa Hart unapotea wote.

kopo_la_bati: Nimeshawaandikia. Huo wa 35 nimeushika pembeni nikauinua dirishani, picha za mwanzo ni mtu na farasi wake ila zote za buluu, ndo kuharibika?

Bi Projekta: Hapana jamani, buluu ni usiku! Walikuwa wanatia rangi mkanda wenyewe. Urudishe taratibu kwenye kopo.