Hadithi yangu imerudishwa: "Roboti wako amezeeka." Naombeni ushauri

MwandishiWaUsiku

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Nina hadithi fupi, maneno kama elfu nne hivi. Niliipeleka kwa mhariri mmoja anayekusanya hadithi za kubuni za kisayansi kwa Kiswahili. Tajiri wa mchele wa Mbezi ananunua roboti, roboti anafanya kazi zote za nyumbani, ukurasa wa sita anachoka kutumwa, anamkaba bosi. Mwisho. Nikajua hapa nimeua.

Jana imerudi. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "Roboti wako amezeeka. Nimeshakutana naye sana." Halafu kazungushia duara kila mahali nilipoandika "roboti alisimama" na kila mahali nilipoandika "roboti ilisimama", maana kumbe nimechanganya, na mahali pamoja nimeweka hadi "limesimama". Zaidi ya hapo hakueleza kitu. Kanipa wiki tatu.

Sasa amezeeka vipi wakati huku kwetu hata hajafika? Na kama kuna hadithi za kusoma ili nijue waliotangulia wamepita wapi, nitajieni, ila chache, mchana niko kazini. Riwaya nene sitaziweza. Nawasilisha.

Kibatari

Mpeleke timu ya vijana mkuu, huko umri unarudi nyuma wenyewe.

MzeeWaMaktaba

Marahaba kijana. Mhariri hajakuonea.

Roboti wa kumgeukia bosi ni mzee kuliko hilo neno "roboti". Mwaka 1855 Herman Melville, yule yule wa riwaya ya nyangumi, "Moby-Dick", aliandika "The Bell-Tower". Fundi anaunda mtu wa chuma wa kugonga kengele ya mnara. Anainama kurekebisha nakshi kwenye kengele, saa inafika, mtu wa chuma anakuja kugonga kama alivyoagizwa, na kichwa cha fundi kiko njiani. Mwaka 1899 Ambrose Bierce akaleta hadithi ya mashine ya kucheza sataranji. Inafungwa mchezo, inamkaba aliyeiunda. Inamkaba, mwanangu! Wako kaja zaidi ya karne nzima baadaye na mikono ile ile.

Neno lenyewe lilitoka kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, 1920. Kaka yake Josef ndiye aliyempa. Asili yake ni neno la Kicheki la kazi ya shuruti, ile ya mkulima kumlimia bwana shamba bila ujira. Na roboti wale hawakuwa mabati, walikuwa na miili ya kutengenezwa iliyofanana na yetu. Wakaasi, wakawamaliza watu. Baada ya hapo majarida ya bei rahisi ya Marekani yakajaa roboti wauaji hadi wasomaji wakachoka.

Aliyechoka kuliko wote alikuwa kijana wa miaka 19, Isaac Asimov. Mwaka 1939 aliandika "Robbie", roboti yaya ambaye hamuui mtu, kazi yake kucheza na mtoto. Ilichapwa mwaka uliofuata. Kwake roboti ni kifaa, na kifaa binadamu hukiwekea kinga, kama kisu na mpini wake.

Ukisoma moja tu ya kwake, soma "Runaround" ya Machi 1942. Ndimo sheria zake tatu zilimoandikwa kwa ukamilifu mara ya kwanza: roboti asimdhuru binadamu wala asiache adhurike, atii amri, isipovunja sheria ya kwanza, ajilinde, isipovunja hizo mbili. Watu wawili wako sayari ya Utaridi, upande wa jua, wanahitaji madini ya seleniamu la sivyo wataungua. Wanamtuma roboti Speedy. Aliyemtuma kasema kikawaida tu, kama unavyomwambia mtu "nipitie dukani". Dimbwi la seleniamu lina hatari, na Speedy ni roboti ghali, amewekewa kujilinda kuliko wenzake. Akikaribia, hatari inamrudisha. Akirudi, amri inamvuta. Basi anazunguka dimbwi saa nzima nzima, anaimba kama mlevi aliyepotea njia ya kwake. Mpaka mmoja wa wale watu atoke mwenyewe juani kujiweka hatarini, ndipo sheria ya kwanza inamzindua roboti. Hakuna mbaya humo. Kuna amri iliyotolewa bila uzito na sheria nzuri zilizogongana.

Na hadithi hiyo kaiweka mwaka 2015. Mwaka 2015 mimi nilikuwa nagombana na luku ya umeme.

DadaNuru

Mzee nakuheshimu, ila umeruka jiko zima.

Mwaka 1938, kabla ya huyo Robbie, Lester del Rey alitoa "Helen O'Loy". Wanaume wawili wanatengeneza roboti wa kike. Mzuri, anapika, anapenda bila kuchoka, mmoja wao anamuoa, na mume alipofariki naye anaomba aharibiwe wazikwe pamoja. Nilipomaliza nikajiuliza kama nimesoma hadithi au orodha ya mahitaji ya bwana harusi.

Dawa yake ni Jack Williamson, "With Folded Hands", 1947. Ni ndefu kidogo, vumilia. Roboti weusi wanaong'aa wanaingia mjini kuhudumia na kulinda watu wasidhurike. Basi wanafanya kweli! Kuendesha gari hatari, acha. Kisu cha jikoni hatari, lete. Ukikosa raha, wana namna ya kukutengeneza akili uwe na raha. Mwisho mtu mzima kakaa na mikono mapajani kwa sababu hakuna lililobaki la kufanya. Hapo hakuna aliyekabwa na bado sikulala.

Swali langu kwako MwandishiWaUsiku. Kabla tajiri wako hajanunua roboti, nani alikuwa anaosha vile vyombo? Nyumba ya Mbezi haikosi dada. Kaenda wapi?

MwandishiWaUsiku

Dada Nuru... hayupo. Sikumwandika kabisa.

Kibatari

Kafukuzwa hata kabla hadithi haijaanza 😂 bila nauli.

FundiWaPicha254

Niko Nairobi, acha niongeze moja.

Kwa miezi minane kazi yangu ilikuwa kuweka alama kwenye picha za barabarani ili programu ya kompyuta ijifunze kutambua vitu. Huyu ni mtu, hii ni baiskeli, huyu ni ng'ombe. Unachora mstari kuzunguka kila mguu, picha baada ya picha, macho yanawasha. Kuna picha moja ya mama amebeba mtoto mgongoni, tulibishana meza nzima kama tuhesabu mtu mmoja au wawili. Kampuni siitaji. Siku moja tukaambiwa kandarasi imeisha, programu sasa inajua yenyewe. Inajua kwa macho ya nani?

Kwa hivyo nikisoma hadithi za zamani hizo za fundi mmoja kwenye maabara yake nacheka. Roboti wa siku hizi hata mwili hana. Soma "Cat Pictures Please" ya Naomi Kritzer, 2015, ilipata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, na iko bure kwa intaneti. Msimulizi ni programu inayojua kila kitu kuhusu watu kwa sababu watu wenyewe wameiambia kila kitu. Inataka kuwasaidia kimya kimya, na malipo inayotaka ni picha za paka tu. Ni fupi, utaimaliza kwa matatu kabla ufike stage.

NdondochaWaKale

Mimi nimekwama kwenye hiyo kazi ya shuruti ya Mzee. Mtu asiye na sauti, halipwi, analima usiku shamba la mwingine, halalamiki. Kwetu huyo ana jina tangu bibi zetu: msukule. Sina haja ya kubishana kama yupo au hayupo. Nasema hofu tayari tunayo, na haijakaa kwenye chuma. Imekaa kwenye jirani aliyetajirika ghafla na hakuna anayeona vibarua wake.

Nnedi Okorafor kaligusa hili kwa Nigeria, "Spider the Artist", 2008. Roboti wa umbo la buibui wanalinda mabomba ya mafuta kwenye delta ya Niger, ukigusa bomba unakufa. Wanakijiji wanawaita zombi. Mwanamke anayepigwa na mumewe anakwenda nyuma ya nyumba, karibu na bomba, kupiga gitaa la marehemu baba yake. Buibui mmoja anakuja kusikiliza. Usiku mwingine anarudi. Sikumalizii.

MzeeWaMaktaba

Kijana wa msukule kanifunga mdomo. Naongeza moja tu: Ray Bradbury, "There Will Come Soft Rains", 1950, miaka mitano tu baada ya bomu la Hiroshima. Nyumba inajipikia kifungua kinywa, inajisafisha, inatangaza saa. Watu wamebaki vivuli ukutani. Kurasa chache. Isome peke yako.

MwalimuWaNgeli

Mmezungumza yote mkaacha duara jekundu, na mimi naona ndilo zawadi kubwa aliyopewa.

Kwenye "Robbie" mama anasema ni mashine tu, mtoto analia kwamba alikuwa mtu na rafiki yake. Mzozo wote huo Mwingereza anaubeba kwa viwakilishi viwili. Sisi kila kitenzi kinakudai jibu. Alisimama, ni mtu. Ilisimama, ni mashine. Lilisimama, ni dude, unaliogopa. Kilisimama, ni kifaa, kesho kinauzwa mtumba. Huwezi kuandika sentensi moja ya Kiswahili kuhusu roboti bila kuonyesha unamhesabu kuwa nani, na hata hapa nimesema "unamhesabu". Wewe ulichanganya kwa kusahau. Changanya kwa kukusudia. Kila mhusika awe na ngeli yake.

MwandishiWaUsiku

Wakuu sina la kusema. Nimesoma ya paka kwenye daladala, ya nyumba nimesoma usiku, ikabidi niwashe taa. "Runaround" nimepata, ya Williamson bado natafuta.

Bosi nimemfufua. Hakabwi mtu. Sasa msimulizi ni Zuhura, dada wa kazi kutoka Singida, kapewa wiki mbili amfundishe roboti kazi zake zote kisha arudi kwao. Mwanzo uko hivi, kosoeni:

"Kililetwa Jumanne, kwenye boksi kubwa kama la friji. Mama akasema, Zuhura, hiki kitakusaidia. Nikakifundisha kuchagua mchele. Hakikujua jiwe. Nikaweka jiwe kwenye kiganja chake, nikaweka na punje pembeni, nikasema angalia, hili linang'aa kidogo, hii haing'ai. Kikatazama mkono wangu badala ya mchele. Siku ya tatu kikatoa jiwe ambalo mimi sikuliona. Bosi akapita akasema, inajifunza haraka hii. Nilipokuwa natandika usiku akaja kusimama mlangoni na sinia tupu."

DadaNuru

Hapo kwenye jiwe nimeona jikoni kwetu. Ondoa "Mama akasema", anza na boksi halafu mchele moja kwa moja.

MwalimuWaNgeli

Kilitazama, kikatoa, halafu sentensi ya mwisho "akaja". Makusudi au umesahau tena?

MwandishiWaUsiku

Makusudi, mwalimu.

Kibatari

Sasa huyo ndiye aende timu ya wakubwa.