Mrejesho: ile klachi ngumu ya pikapu, Malindi

Wakuu nimerudi, mie ndo yule nilouliza habari ya pikapu yangu, pedali ya klachi nzito na inalia kwiii kila nikikanyaga. Ahsanteni sana nyote. Tulishusha gia boksi tukakuta shafti ya foku, ile inayosukuma beringi kuachia klachi ukikanyaga pedali, imeshika kutu na bushi zake za plastiki (vile vipete inamozungukia) zimelika, chumvi na mchanga wa huku mwajua wenyewe. Nikafuata ule ushauri mlonipa wa kuchongesha bushi za shaba zenye mfereji wa grisi, fundi akatoboa tundu kwa nje usawa wa bushi akafunga nipeli ya kupigia grisi, sasa napiga grisi bila kushusha kitu, ila kidogo jamani, ikizidi itarukia klachi pleti ianze kuteleza. Alosema nitoboe na ile beringi ya kuachia klachi niijaze grisi, hiyo niliiacha, ile imezibwa kiwandani, tukaweka mpya.

Kelele imekwisha kabisa. Uzito umepungua lakini bado upo, hasa asubuhi. Nashuku waya wa klachi, ukiuvuta kwa mkono unakwaruza ndani. Nimeagiza mwingine Mombasa.